Kabati la vioo katika nyumba ya mzee Skłodowski

Wandugu, kila tarehe 2 ya mwezi wa saba, siku ya kutangaza matokeo, mtoto wa kwetu anarudi nyumbani na buletini mkononi, na kabla hajavua viatu anapokelewa na swali moja tu: "Umekuwa wa ngapi?" Akiwa wa kwanza, kuku anachinjwa. Akiwa wa ishirini na tano, usiku unakuwa mrefu. Mimi nimepita humo, na wewe pia umepita humo. Sikumbuki hata mara moja mtu mzima wa mtaani kwetu akiuliza: mwaka huu umejua kitu gani ambacho mwaka jana hukukijua?

Swali la namba lilikuwa na maana yake zamani, juu namba ilikuwa njia ya kufika kazini. "Soma, mutoto wangu, ukomboe jamaa." Sasa njia yenyewe imeziba. Tuko na lisansi ndani ya bahasha, tunauza mayunite, tunaendesha pikipiki, na mdogo wetu wa miaka kumi na mbili anatutazama tu. Siku moja anasema: "Yaya, wewe ulisomaka yote ile, ulipata nini?" Swali hilo liliniuma zaidi ya mitihani yote niliyofanya. Nilipokosa jibu, nikaenda kulitafuta katika historia, katika jamaa moja ambayo shule haikuwaahidi kitu, na bado watoto wake walipenda kujifunza mpaka kufa.

Jina la Curie tulilikuta sekondari, katika fizikia na kemia. Wengi tulilikariri kwa ajili ya mtihani, tukalisahau wiki iliyofuata. Wachache waliambiwa kwamba jina hilo linagusa udongo wetu. Mwaka 1915, kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, palionekana jiwe lenye urani nyingi kupita kiasi. Kuanzia 1922, mawe ya huko yalikuwa yakitolewa radiumu katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Radiumu ni kitu kile kile ambacho Marie Curie na mume wake Pierre walikuwa wamekigundua Paris mwaka 1898. Jiwe nitalirudia. Kwanza tuingie katika nyumba aliyozaliwa huyo mama, maana mambo yote yalianzia pale.

Jina lake la kuzaliwa ni Maria Skłodowska. Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, mtoto wa tano na wa mwisho. Wakati ule Poland haikuwa hata kwenye ramani: mataifa jirani yalikuwa yameigawana, na Warsaw ilikuwa chini ya Urusi. Wapolandi walikuwa wameasi mwaka 1863, wakashindwa, na baada ya hapo mkono wa Urusi ukazidi kuwa mzito. Shuleni mtoto alifundishwa kwa Kirusi, lugha ya mtawala. Mkaguzi alikuwa anaingia darasani bila kubisha hodi, anasimamisha mtoto mmoja, anamwambia asali kwa Kirusi na ataje majina ya wafalme wa Urusi. Mara nyingi aliyesimamishwa alikuwa Maria, kwa sababu alijua vizuri kuliko wote. Alijibu bila kosa. Mkaguzi akitoka, analia. Msomaji wa Kongo hahitaji maelezo marefu hapo. Babu zetu pia walisimamishwa mbele ya mkaguzi, katika lugha ambayo mama zao hawakuijua.

Baba yake, Władysław Skłodowski, alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Warusi walipoondoa masomo ya maabara katika shule za Wapolandi, mzee huyu hakupiga kelele. Alichukua sehemu ya vyombo vya maabara, akavipeleka nyumbani kwake, akavipanga ndani ya kabati la vioo: mirija, mizani ndogo, vipande vya madini, na elektroskopu yenye karatasi ya dhahabu. Maria alikuwa bado mdogo sana alipoanza kusimama mbele ya kabati lile na kutazama. Siku moja akauliza vitu vile vinaitwaje. Baba akamwambia: ni vyombo vya fizikia. Mtoto hakuelewa chochote, lakini neno lilimpendeza, akaenda akiliimba nyumbani mzima.

Ukutani kulikuwa na barometa, chombo cha kupima uzito wa hewa, kile ambacho mshale wake ukishuka unajua mvua iko njiani. Siku kadhaa baba alikuwa anaishusha, anaisafisha, anairekebisha, na watoto wamemzunguka. Ile haikuwa saa ya masomo. Baba alikuwa anafanya kitu anachokipenda, na hakuwafukuza.

Nataka tukae kidogo hapo, juu ndipo ninaona siri ya nyumba ile. Sisi wengi tulilelewa na wazazi waliotupenda sana, waliouza mpaka pagne ya mwisho tulipe shule. Lakini tulipokuwa tukiwakaribia wakiwa na kazi yao mkononi, tulisikia: "Toka hapa, enda usome!" Kusoma kulikuwa kitu cha kufanywa mbali na mzazi, kwenye kona, kama adhabu. Mzee Skłodowski yeye alikuwa anasoma mbele yao. Alifuatilia mambo mapya ya fizikia na kemia kwa pesa kidogo aliyokuwa nayo. Alijua lugha kadhaa, za zamani na za sasa. Jumamosi jioni aliwakusanya watoto na kuwasomea kwa sauti mashairi na hadithi. Kitabu kimoja alichowasomea ni David Copperfield cha Charles Dickens. Kitabu chenyewe kilikuwa mkononi mwake kwa Kiingereza, na yeye alikuwa anasoma huku anatafsiri palepale kwa Kipolandi, lugha ambayo shule ilikuwa inaikanyaga.

Fikiria hilo kwa nyumba zetu. Kitabu kiko kwa Kifaransa, mzazi anakifungua jioni, anasimulia kwa Kiswahili, au kwa Kibemba, au kwa Mashi. Haiombi pesa, inaomba saa moja tu. Tena inamwonyesha mtoto kwamba elimu inaweza kuingia katika lugha ya nyumbani bila kuvua viatu.

Kitu kingine: nyumba ile haikuwa na haraka. Maria alijua kusoma akiwa na miaka minne hivi. Dada yake alikuwa anacheza mwalimu na mwanafunzi, mdogo akashika herufi, na siku moja akasoma mstari mzima mbele ya wazazi. Walishangaa, wakanyamaza. Mtoto akaona ule mshangao, akadhani amekosea, akaanza kulia na kuomba msamaha. Kumbe wazazi walikuwa waalimu wote wawili. Wangeweza kumbeba mtaani wakimwonyesha watu. Badala yake walimpunguzia vitabu, wakamtuma kucheza. Leo sisi tunapeleka mtoto wa miaka mitatu shuleni na daftari tano, na jioni tunamwitia mwalimu wa nyumbani.

Usiseme: ah, hao walikuwa na pesa. Baba alishushwa kazini kwa sababu wakubwa wa Kirusi hawakumwamini. Akiba yake aliiweka katika biashara ya shemeji yake, ikapotea yote. Ili wapate kula, walipokea wanafunzi wa kulala nyumbani, vitanda vikajaa kila mahali, na mmoja wao akaleta tifusi iliyomuua dada mkubwa, Zofia. Mama yao, aliyekuwa ameongoza shule ya wasichana, alijifunza kushona viatu kwa mikono yake ili watoto wasitembee miguu mitupu. Alikuwa na kifua kikuu. Kwa kuogopa kuwaambukiza, hakuwabusu watoto wake. Alikula kwa sahani yake mbali. Alikufa mwezi wa Mei 1878. Maria alikuwa na miaka kumi.

Sasa tufike kwenye swali la mdogo wetu. Mwezi wa Juni 1883 Maria alimaliza sekondari na medali ya dhahabu. Alikuwa bado na miaka kumi na tano. Na medali yake ilimfikisha wapi? Popote. Chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake, na baba hakuwa na pesa ya kumpeleka nje. Ulisomaka yote ile, ulipata nini?

Baba yake hakumwambia "kazana". Alimwona binti amechoka, akamtuma kijijini kwa ndugu, akae mwaka mzima bila shule. Maria alilala, akapanda farasi, akacheza ngoma usiku kucha mpaka viatu vikaisha. Mzazi wa kwetu akisikia hivyo atashika kichwa: mwaka mzima, mtoto mwenye akili! Lakini aliporudi mjini, alirudi akiwa na njaa ya vitabu. Yeye na dada yake Bronia wakaingia katika kile kilichoitwa Chuo Kikuu Kinachoruka, masomo ya siri yaliyokuwa yanahama nyumba hadi nyumba ili polisi wasiyakamate. Hakikutoa diploma yenye kutambuliwa popote. Watu walienda kule kwa sababu moja tu, walitaka kujua.

Kisha wadada wawili wakafanya mapatano: Bronia aende Paris kusomea udaktari, Maria afanye kazi na amtumie pesa, baadaye ni zamu ya Maria. Mwanzoni mwa 1886 akaenda kijiji cha Szczuki kufundisha watoto wa tajiri mmoja. Alikaa miaka mitatu hivi. Mchana kazi, usiku vitabu vya fizikia na hesabu peke yake, na saa nyingine aliwafundisha kwa siri watoto wa wakulima kusoma Kipolandi. Pale aliposhindwa na hesabu, alimwandikia baba, na baba akamjibu kwa barua. Binti wa karibu miaka ishirini, mshahara wake mwenyewe, mbali na nyumbani, na bado anapeleka hesabu kwa baba! Hakulazimishwa na mtu. Ile ni desturi ya miaka mingi, ya kukaa wawili mbele ya kitu kigumu.

Novemba 1891 akafika Paris. Lisansi ya fizikia mwaka 1893, wa kwanza. Lisansi ya hesabu 1894, wa pili. Mengine yako katika vitabu vya shule: ndoa na Pierre Curie 1895, poloniumu na radiumu 1898, Nobel ya fizikia 1903, Nobel ya kemia 1911. Tupite.

Mimi ninapendelea kumwona alipokuwa mama. Pierre alikufa tarehe 19 Aprili 1906, amekanyagwa na gari la farasi barabarani. Alibaki na binti wawili, Irène wa miaka minane na Ève ambaye hajafika hata miaka miwili. Baba mkwe wake, daktari Eugène Curie, ndiye aliyeshika nyumba na kumlea Irène mpaka alipokufa mwaka 1910. Mzee huyo ndiye aliyewahi kumsomesha Pierre nyumbani, bila shule, kwa sababu aliona akili ya mtoto wake haiendi kwa mwendo wa darasa.

Marie hakuridhika na shule za wakati ule: watoto wanafungiwa saa nyingi, hewa haitoshi, mikono haifanyi kitu. Mwaka 1907 hivi, yeye na rafiki zake waalimu wa chuo wakaamua kukusanya watoto wao, karibu kumi, na kuwafundisha wenyewe kwa zamu. Somo moja kwa siku, muda uliobaki ni kucheza na kazi za mikono. Jean Perrin akachukua kemia, Paul Langevin hesabu, Marie fizikia. Iliendelea kama miaka miwili tu.

Katika somo lake, watoto walichovya gololi za baiskeli ndani ya wino, wakazitupa juu ya ubao ulioinama, wakaona kwa macho yao mstari wa kupinda ambao kitu kinachoanguka kinauchora. Siku nyingine akawauliza: chombo hiki kina maji ya moto, tufanye nini yasipoe? Watoto wa maprofesa wakaanza kushindana: tukifunge kwa sufu, tukitenge na hewa, na mambo mengine makubwa. Marie akawaambia kwamba yeye angeanza kwa kukifunika na kifuniko. Nilicheka niliposoma hapo. Mama yangu angejibu vilevile.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu mkali, wa huzuni, na mara nyingi hakuwa nyumbani. Husimuliwa kwamba siku moja Irène alikuwa anaota mchana badala ya kujibu hesabu, mama akakasirika, akatupa daftari dirishani. Mtoto akashuka ngazi taratibu, akaliokota, akapanda, akatoa jibu. Lakini wakiwa mbali, mama alimtumia Irène hesabu ndani ya barua, na Irène akazirudisha zimefanywa, kama Szczuki na Warsaw zamani. Mwaka 1934 Irène na mume wake Frédéric Joliot waligundua namna ya kutengeneza mnururisho wa bandia. Marie aliona kazi hiyo kwa macho yake, miezi michache kabla ya kufa Julai 1934. Mwaka uliofuata wakapata Nobel ya kemia.

Na Ève? Huyo hakutaka sayansi. Alipiga piano, akawa mwandishi, na mwaka 1937 akatoa kitabu cha maisha ya mama yake kilichosomwa dunia nzima. Visa vingi vya hapo juu, kabati, barometa, kifuniko, tunavijua kwa kalamu yake. Mama hakumsukuma. Kwetu mtoto wa daktari akichagua muziki, wajomba wanaitwa kikao.

Utaniambia: yaya, sisi hatuna majirani wa Nobel. Ni kweli. Lakini tazama parsele unayoishi. Huyu amemaliza agronomia, yule ni muuguzi, wa nyuma amesomea umeme, mwingine anatengeneza simu barabarani. Wote wako nyumbani saa kumi jioni, na watoto kumi na tano wanacheza mpira wa matambara mbele yao. Pale Paris hawakuanza na pesa wala ruhusa ya serikali. Walianza kwa kugawana siku za juma.

Nilisema nitarudi kwenye jiwe. Mzee Skłodowski alikufa Mei 1902. Muda mfupi kabla ya hapo alimwandikia binti yake akimpongeza kwa kupata chumvi safi ya radiumu, huku akisikitika kwamba kazi ile, jinsi ilivyoonekana, ilikuwa ya nadharia tu, haina faida. Alikosea sana. Mwaka 1921 gramu moja ya radiumu, zawadi ya wanawake wa Marekani kwa Marie, ilinunuliwa kwa dola 100 000. Muda si mrefu mawe ya Shinkolobwe yakaingia sokoni, yakashusha bei na kufunga machimbo ya radiumu ya Marekani. Mwaka 1939 Frédéric Joliot alipokuwa anatafuta namna ya kutoa nguvu ndani ya urani, tani alizozitumia zilitoka kwa Union Minière, yaani zilitoka kwetu. Kilichofuata, mpaka Hiroshima 1945, mnakijua.

Waliochimba mawe yale walikuwa wazazi pia. Watoto wao walisoma katika shule za mamisyoni na za makambi: kusoma, kuandika, katekisimu, kazi za mikono, basi. Mwaka Irène alipopokea Nobel, Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa 1954. Siku ya uhuru, waliokuwa na lisansi wangeweza kubebwa na lori moja. Ninakasirika ninapoandika hivyo, na sioni sababu ya kuficha. Jiwe lilisafiri mpaka maabara za Paris, lakini mtoto wa aliyelitoa ardhini hakuambiwa hata jina lake. Ndiyo maana wazazi waliotufuata walishika diploma kwa mikono miwili: ilikuwa mlango uliofungwa mbele ya baba zao. Siwalaumu kwa lile swali la "wa ngapi".

Mama yangu aliishia darasa la tatu. Buletini hakujua kuisoma vizuri, kwa hiyo alikuwaka na swali lingine. Jioni, anapepeta unga, ananiambia: "Leo walikufundisha nini? Nifundishe na mimi." Nilikuwa najieleza kwa fujo. Pale nilipokuwa nimekariri bila kuelewa, alisimamisha ungo: "Hapo sijasikia. Rudia." Na yeye alikuwa na maswali yake. Jikoni kulikuwa na kopo la chumvi, na kila mvua ilipokaribia chumvi ilikuwa inalowa kabla hata mawingu hayajaonekana. "Juu ya nini?" Sikujua. Mwalimu niliyemuuliza alinifukuza.

Nilipata jibu nikiwa chuoni, mwaka wa pili: mvua ikikaribia hewa inajaa mvuke wa maji, na chumvi inaunywa mvuke huo. Nilitoka darasani nikampigia simu. Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi ndiyo hivyo. Sasa nielezee juu ya nini sukari haifanyi vile."